Mtungi wa Mama Kindi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na njaa, na mama aliyeikimbia.

Hapo kale, kale sana, Mama Kindi alihama nchi ya ukame, mjamzito, mtungi kichwani, mbegu za mlonge pindoni, mpaka nchi ya mtoni. Akabisha kwa Nyati.

"Hodi baba! Nipe kazi, nitafagia, nitapalilia, yoyote ile."

"Kitovu chako kimezikwa wapi?"

"Ng'ambo, baba."

"Basi na kazi yako iko ng'ambo!"

Akaenda kwa Ngiri. "Kitovu chako kimezikwa wapi?" Akaenda kwa Tumbili. Huyo hata hakumaliza kuuliza, kicheko kilishamshinda.

Haya, angekula nini? Kiburi chao? Akajifungua kando ya njia, peke yake, akakizika kitovu cha mwanawe, akautazama mto. Tope tupu! Na wenyewe wanalinywa, na watoto wao wanaharisha! Kwao Kindi, maji machafu hutiwa mbegu za mlonge zilizotwangwa, tope likazama chini, juu yakabaki maji maangavu. Akatwanga. Akakoroga. Akauweka mtungi papo hapo alipozika kitovu.

"Maji safi! Kata moja, konzi ya mahindi!"

Wakaja, wakajaa. Mahindi yalipozidi, akawapelekea dada zake ng'ambo. Dada zake, waliokuwa wanalala njaa, wakamletea mbegu kwa magunia. Huku matumbo yakatulia, kule vyungu vikarudi mekoni.

Mnadhani walishukuru? Thubutu!

"Mgeni anatumaliza!" Nyati akaupiga mtungi teke, paa, ukavunjika! "Rudi kwenu!"

Kindi akambeba mwanawe, mbio, roho mkononi, akajibanza mpakani.

Siku ya kwanza, wakanywa tope. Siku ya pili, ndama wa Nyati akashikwa na tumbo. Siku ya tatu, ndama hasimami. Nyati huyo, mbio mpaka mpakani.

"Mama Kindi, dada yangu, rudi!"

Leo dada! Kindi akasimama, hasira imempanda.

"Baba Nyati, niulize tena. Niulize kitovu!"

Nyati akainamisha pembe.

"Cha mwanangu kimezikwa kwenu. Pale pale ulipopiga teke. Sasa kalete mtungi wako, ndama asife."

Akatwanga. Ndama akanywa, akapona.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akufukuze! Mgeni ukimnyima jembe atajichongea lake, na litalima kwako na kwao.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Mwenye kiu anywe, mwenye teke apite mbali.