Jaruba Lililokauka Mlimani

Mtu akipotewa na chake, macho humkimbilia mgeni kabla hayajamtazama ndugu. Wenye hekima waliliona hilo zamani, wakatuachia methali ya maneno matatu tu: umdhaniaye ndiye siye. Bai Qiufen, mjane wa kijiji cha Duoya katika milima ya Yunnan, aliyaonja maneno hayo yakiwa machungu kama shubiri.

Msimu wa baridi, majaruba ya mpunga ya Duoya hujazwa maji na kuachwa hivyo mpaka wakati wa kupanda. Huteremka mlimani kama ngazi za vioo, na jua linapochomoza, kila kioo huvaa rangi yake. Watu hutoka miji ya mbali na kamera zao, wakagombea nafasi kwenye jukwaa la kutazamia. Kwao maji yale ni picha. Kwa wenyeji ni uhai, kwa maana jaruba likikauka, udongo hupasuka, kingo hubomoka, na la juu likiporomoka huyafukia yote ya chini.

Ndiyo maana Qiufen aliingiwa na hofu asubuhi alipolikuta jaruba lake la kati limepungua maji, ilhali mvua ilikuwa imenyesha juzi tu.

Wakati huo alikuwa na mpangaji, Gao Wenbin, mpiga picha wa makamo, mkimya kama maji ya mtungini. Wenzake walipojazana jukwaani alfajiri, yeye alishuka peke yake kwenye kingo za majaruba. Aliinama, akaielekeza kamera chini, na kurudi akiwa ametapakaa tope.

"Umetoka wapi?" Qiufen alimuuliza huku akimpakulia wali na nyama iliyokaushwa kwa moshi.

"Kupiga picha, mama."

"Picha za nini?"

"Za maji."

"Na hilo tope mpaka kwenye viwiko?"

Wenbin alitazama bakuli lake. "Niliteleza."

Tangu siku hiyo Qiufen alimtazama kama paka atazamavyo tundu la ghala. Mgeni akitoka, naye alisimama dirishani. Mgeni akicheka, alijiuliza anacheka nini. Maji nayo yalizidi kupungua.

Dukuduku lake alimfungulia shemeji yake, Lu Zhenghai, mdogo wa marehemu mumewe. Nani mwingine angemwambia? Zhenghai alikuwa mlinzi wa mfereji, mtu aliyechaguliwa na kijiji kizima kuwagawia maji. Tangu kaka yake afariki, ndiye aliyemletea mjane kuni na kumtengenezea paa.

"Mimi simo, shemeji," alisema Zhenghai akikung'uta kiko chake. "Lakini mpiga picha gani huyo asiyepiga picha ya jua?"

"Hata mimi nimejiuliza."

"Basi usijiulize sana. Mtazame mikono yake tu."

Maneno hayo yalimwingia Qiufen kama msumari kwenye ubao mbichi. Kesho yake alimfuata Wenbin kwenye ukungu, akamkuta amelala kifudifudi juu ya ukingo wa jaruba la kati, mkono wake umezama tunduni mpaka begani.

"Na leo umeteleza?" aliuliza.

Wenbin aliinuka taratibu. Majirani walikuwa wameshasikia, wakaja na majembe yao, Zhenghai akiwa mbele. Mgeni alimtazama mlinzi wa mfereji kwa muda, kisha akainamisha macho.

"Nilikuwa naziba, mama."

Zhenghai alicheka. "Mwizi akikutwa mlangoni husema alikuja kuufunga."

Watu wakacheka naye. Wenbin alifungasha vitu vyake bila kubishana, akasindikizwa mpaka barabarani kama mbuzi aliyekula mboga za watu.

Qiufen alidhani sasa ametua mzigo. Lakini siku ile ile mgeni alipoondoka, maji yalikimbia kuliko awali, na kona moja ya ukingo ikameguka. Wasiwasi mpya ulimkaba, mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa kuwa huu haukuwa na sura ya mtu. Hakumwambia yeyote, hata shemeji yake; aliona haya kukiri kwamba huenda alimfukuza mtu asiye na hatia. Alfajiri iliyofuata alijibanza kwenye banda la nyati wa kulimia lililo juu ya jaruba, akangoja.

Ukungu ulipopasuka kidogo, mtu alitokea akiwa na jembe begani. Qiufen aliutambua mwendo kabla ya uso, akatamani macho yake yawe yamemdanganya. Mtu yule alipiga magoti, akachokoa ukingo, na maji yakaanza kulia yakitoka.

"Shemeji," Qiufen alisema akishuka, "unaziba au unazibua?"

Jembe lilimponyoka Zhenghai. Alisema kwa sauti ya chini, "Lingekauka, ungechoka nalo, ungeniachia. Hapa panafaa kwa jukwaa la wageni. Nimekuomba mara ngapi?"

"Na mimi nimekujibu mara ngapi? Kaka yako alilima hapa mpaka akafa. Na hawa wa chini, mlima ukiwaangukia, wale nini? Picha?"

Qiufen aliwaita majirani, wakajionea tundu kwa macho yao. Siku ile kijiji kilishika majembe, kikaujenga upya ukingo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi. Na ulinzi wa mfereji akapewa mtu mwingine.

Qiufen hakungoja kuona jaruba likijaa. Aliteremka mpaka mji wa chini, akamkuta Wenbin kituoni bado akisubiri basi lililochelewa. Aliomba radhi.

"Nilimwona shemeji yako tangu mwanzo," alisema Wenbin. "Mimi nimezaliwa majarubani, kwetu Guizhou. Nikiona ukingo unavuja siwezi kuupita."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje, mama? Yeye kakuletea kuni miaka yote, mimi nimelala kwako siku chache. Ungeniamini?"

Qiufen alitaka kusema ndiyo, lakini ulimi ulikataa kubeba uongo. "Nisingekuamini."

"Basi."

"Rudi. Maji yatajaa, upige picha yako."

Wenbin alitabasamu bila kinyongo, akatikisa kichwa na kupanda basi. Mjane alibaki kando ya barabara, akilisindikiza kwa macho mpaka lilipomezwa na kona ya mlima. Nyumbani hakuwa na mgeni tena wa kumshuku, wala shemeji wa kumwegemea. Kweli, umdhaniaye ndiye siye.