Picha ya Kipunji na Kigoda cha Bibi Tusekile

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ile ya sungura kumzidi fisi akili. Ni zamani hii ya juzi, kamera zimekwisha kufika na barabara ya lami pia. Hapo zamani hiyo, chini ya mlima Rungwe aliishi mjane mmoja jina lake Tusekile. Alikuwa na wajukuu watatu aliowalea mwenyewe, na wote watatu walikuwa na ugonjwa mmoja: miguu yao haitulii nyumbani.

Mkubwa aliitwa Ambakisye. Kazi yake kuongoza wageni msituni, na maneno yake kwa siku ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Wa kati alikuwa dada yao Subilaga, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye kamera. Mdogo wao Gwakisa alikuwa kinyozi, nanyi vinyozi mnawajua: mkono unanyoa kichwa, mdomo unanyoa mtaa mzima.

Kila kiangazi watatu hawa walifunga mizigo wakaenda kutembea, kamera ikipita mkono hadi mkono. Wakirudi walisafisha picha mjini, kila mmoja akachagua moja tu, wakaenda kwa Bibi. Bibi alifunga kamba ya nguo sebuleni, kutoka nondo ya dirisha hadi msumari wa kalenda. "Mahindi tunaanika, nguo tunaanika," alisema, "basi anikeni na safari zenu nizione."

Wakawa wanaanika kwa vibanio vya nguo. Ambakisye akaanika Ziwa Ngozi limejaa ukungu, akasimulia. Bibi akapita na kikombe chake cha chai, akatazama. "Hili ni ziwa au sufuria ya uji?" Subilaga akaanika maua ya Kitulo, akasimulia. Bibi akapita, akatazama, akarudi kutazama tena. Gwakisa akaanika twiga, akasimulia kuliko wote. Bibi akapita, akatazama. "Mume wangu, mbona twiga huyu kichwa umemwachia porini?" Walicheka mpaka chai ikamwagika.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha mwaka mmoja, kabla hawajafunga mizigo, Bibi akawaita.

"Ni presha ya macho," akasema. "Daktari ameniambia, mvua za Novemba zikinyesha nitakuwa nimebaki na mwanga tu, kama mtu aliye ndani ya ukungu. Msinililie, sitaki. Nataka picha moja. Nataka kipunji."

Kipunji, kwa asiyemjua, ni kima wa misitu ile ya juu. Mkia wake mrefu, nywele za kichwani zimesimama kama za mtu aliyeamka sasa hivi. Ana haya sana. Ukivunja kijiti tu, hayupo.

"Nilikuwa na miaka saba," Bibi akasema. "Nilikwenda kuni na mama, nikapotea. Nikakaa chini nikalia. Nilipoinua kichwa, kipunji yuko juu ya tawi, mtoto kifuani, ananitazama. Hakukimbia. Alinitazama mpaka nikanyamaza, mpaka mama akanipata. Nyumbani nilipowaambia wakasema nimeota. Sikuota mimi. Nataka anitazame tena macho yangu yakiwa bado yapo."

Halafu akaongeza jambo, na jambo hilo ndilo lililotuleta hapa.

"Nikishapofuka, kuanika hakutakoma. Nitaweka kigoda kando ya kiti changu. Atakayeniletea kipunji ndiye atakayekikalia. Huyo atakuwa macho yangu. Picha, wageni, mawingu yalivyo mlimani, nitaambiwa na yeye. Mmoja tu, maana mkisema watatu kwa pamoja mtanipasua kichwa."

Nisiwafiche. Kila mmoja wa watatu wale alikitaka kigoda kile kuliko kitu chochote duniani.

Ambakisye akatangulia msituni peke yake, siku sita. Alifuata matunda yaliyotafunwa, akafuata kinyesi, akafuata sauti. Siku ya nne aliteleza kwenye korongo, kifundo cha mguu kikavimba. Akakata fimbo, akaendelea. Siku ya sita akaupata mti wanaoujia vipunji asubuhi. Ndipo akateremka kuwaita wenzake.

Subilaga akaketi chini ya mti ule siku tatu, juu ya mfuko wa nailoni, manyunyu yakimshukia shingoni. Hakukohoa. Hakujikuna. Ambakisye alikaa nyuma yake na mguu wake uliofungwa kitambaa.

Na Gwakisa? Gwakisa aliambiwa abaki hemani. "Wewe hata usingizini unaongea," kaka yake alimwambia. Basi akabaki anapika, anakausha nguo zao kwa moto, na jioni anamkanda kaka yake mguu. Kipunji hakumwona hata mkia.

Siku ya tatu ukungu ukafunguka kidogo, naye akaja. Mama kipunji, mtoto kifuani, kama alivyosema Bibi. Akaketi tawini. Lakini alikuwa ameinamia mtoto, anamchambua manyoya, uso hauonekani.

"Piga mluzi," Ambakisye akanong'ona. "Atageuka."

Subilaga akatikisa kichwa. "Akishtuka ataruka. Mtoto hajashika vizuri."

"Bibi anataka macho yake!"

"Nimekataa, kaka."

Akabonyeza mara moja. Ukungu ukafunga, na ulipofunguka tawi lilikuwa tupu. Njia yote ya kuteremka Ambakisye hakumsemesha dada yake.

Wakasafisha picha. Ilikuwa nzuri, jamani. Mama, mtoto, matone ya maji kwenye manyoya. Macho tu ndiyo hayakuwapo.

Walipofika kwa Bibi ilikuwa Septemba. Kamba ilikwisha kufungwa, na kigoda kilikuwa mahali pake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Leo msianike. Nipeni mkononi."

Subilaga akampa. Bibi akaisogeza picha karibu na pua, akaiweka mbali, akaielekeza dirishani. Akatabasamu.

"Mzuri," akasema. "Mzuri kweli."

Picha alikuwa ameishika kichwa chini, miguu juu.

Daktari alisema Novemba, lakini macho hayakungoja. Subilaga alijiziba mdomo kwa kiganja. Ambakisye akatazama sakafu. Gwakisa, yule mwenye domo, akaenda akachuchumaa mbele ya Bibi, akaigeuza picha taratibu kama anayemnyooshea khanga. Akamshika kidole cha shahada, akakiweka juu ya karatasi. Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema polepole.

"Hapa kuna tawi, Bibi. Nene, lina kuvu upande huu. Hapa ndipo alipoketi. Mkia unashuka, unashuka, unaishia hapa. Nywele zimesimama, hajachana. Mtoto yuko hapa kifuani, mkono wake mmoja umeshika manyoya ya mama. Manyoya yamelowa, matone bado yanang'aa."

"Na yeye?" Bibi akauliza. "Yeye anafanya nini?"

Gwakisa akawatazama ndugu zake. Kisha akakisogeza kile kidole juu kidogo.

"Anakutazama, Bibi."

"Ananitazama mimi?"

"Wewe. Hapepesi."

Bibi Tusekile akalia. Akacheka akilia, akaipapasa karatasi kama shavu la mtoto. "Ndiye," akasema. "Ndiye yule. Sikuota mimi."

Walikaa hivyo mpaka alipotulia. Ndipo akajifuta machozi, akaweka mkono juu ya kigoda kitupu.

"Haya. Kaniletea nani?"

Wote watatu wakasogea, kisha wote wakasimama.

"Basi tokeni barazani mkakubaliane. Atakayeingia wa kwanza aje akae. Na msichelewe, chai imeiva."

Wakatoka, wakarudisha mlango, wakasimama barazani.

Ambakisye, mtu wa maneno machache, akawa wa kwanza kusema. "Kigoda ni changu. Siku sita nimelala kwenye tope, mguu wangu huu hapa. Bila mimi mngepiga picha majani. Macho ni kuona, na aliyemwona wa kwanza ni mimi."

"Kigoda ni changu," Subilaga akasema. "Kumwona ulimwona, lakini ungemleta mgongoni? Picha ni yangu. Na Bibi anataka macho ya kuyaamini. Gwakisa, umemdanganya. Leo umempa macho ya kipunji yasiyokuwapo. Kesho utampa nini? Paa likivuja utamwambia halivuji?"

"Wewe ulikuwa na nafasi ya kuufanya huo uongo kuwa kweli," Ambakisye akamwambia. "Mluzi mmoja tu. Ukachagua mnyama."

"Nilichagua mama mwenye mtoto, kaka. Anayemhurumia mama wa msituni atashindwa kumhurumia huyu wa ndani?"

Gwakisa alikuwa amekaa ngazini, kichwa mikononi. "Kigoda ni changu," akasema. "Najua nimesema uongo, na akiniuliza tena nitasema vilevile. Ninyi mlimletea karatasi. Aliyemletea kipunji ni mimi, na mimi sijawahi hata kumwona. Kaka, wewe msituni unaona kila kitu, lakini picha ilipokuwa imepinduka ulitazama sakafu."

"Nilitazama sakafu kwa sababu nilikuwa nalia."

Subilaga akamshika kaka yake mkono, Gwakisa akasogea akamshika ule mwingine. Hawakuwa na ugomvi, nataka mlijue hilo. Kila mmoja alikuwa anampenda yule mwanamke mpaka anaumwa, na kigoda ni kimoja.

Kutoka ndani sauti ikasema, "Mmekubaliana?"

Haya, jamaa, msinitazame mimi. Wewe unayetikisa kichwa pale nyuma, na wewe uliyekwisha kumpa Gwakisa kwa sababu amekuliza, na wewe mama unayesema uongo ni uongo tu: semeni, tena semeni kwa sauti. Bibi ameketi, picha iko mapajani, sikio lake liko mlangoni linasubiri hatua za mmoja.

Je, nani alistahili kuwa macho ya Bibi: aliyemtafuta kipunji mpaka akaumia, aliyekataa kumshtua hata akayakosa macho yake, au aliyeyatia macho hayo kwa mdomo wake?