Matofali ya Siku Ishirini

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, tanuri la kuyeyushia betri za magari lilifungwa kijijini Chidzambo. Wenyewe wakaenda zao, wakaacha kilima cheusi cha mabaki ya risasi, ile metali yenye sumu iliyomo ndani ya betri. Kila mvua iliponyesha, sumu iliteremka kisimani.

Mume wa Mbeyu, mwanamke wa kijijini hapo, alifanya kazi kwenye tanuri lile mpaka likamuua. Mbeyu alikichukia kilima kile kama anavyochukiwa mtu. Akamwendea Chengo, mwashi.

"Fundi, hakuna namna ya kuifunga sumu hii?"

Chengo akachanganya, akavunja, akachanganya tena, mwaka mzima. Mwishowe akapata tofali: mabaki kidogo, saruji nyingi. Mwalimu Sidi wa chekechea akalipeleka maabara mjini, akarudi na majibu: matofali yakae siku ishirini na nane, kisha ukuta upigwe lipu. Hapo sumu haitoki. Mbeyu akapewa kazi ya kulinda banda la matofali na kuhesabu siku.

Kilima kikaanza kupungua. Watu wakajenga, wakacheka tena.

Kisha masika yakaangusha ukuta wa chekechea. Sidi akaja mbio. "Dada Mbeyu, watoto wanalowa!"

Chengo akagonga tofali kwa mwiko. "Yamekauka haya."

Mbeyu alijua ni siku ya ishirini tu. Akafungua banda.

Ukuta ukasimama. Lipu ikaahirishwa leo, ikaahirishwa kesho, ikapita miezi mitatu. Nyevu, mtoto wa miaka minne, alizoea kukaa ubavuni mwa ukuta ule, akichovya kidole kwenye vumbi lake na kulamba. Sumu ikamwingia, na maneno aliyokwisha kuyajua yakaanza kumpotea moja moja.

Wote watatu wakaenda kwa baba yake.

Chengo akasema, "Kosa langu. Mimi ndiye fundi, nami nilisema yamekauka."

Sidi akasema, "Langu. Mimi ndiye niliyeharakisha, na lipu nikaiacha."

Mbeyu akasema, "Hawa walikisia, baba Nyevu. Mimi nilijua."

Baba Nyevu akasema, "Kilima kingali nusu. Mkiacha kazi nyote, sumu itarudi kisimani. Lakini kuwaona nyote watatu bandani, sitaweza. Mmoja wenu aondoke, asirudi."

Bila Chengo, nani atachanganya? Bila Sidi, nani ataifuata maabara? Bila Mbeyu, nani atahesabu siku?

Haya, ninyi mliosikia: nani aliyestahili kuondoka?