Wiki ya Saba ya Uji wa Anaeli

Isome polepole, kisha mpelekee mzazi mmoja unayemfahamu.

Mjini Moshi aliishi mwanamke aitwaye Aikaeli. Kazi yake ilikuwa kuonja kahawa kabla haijapelekwa mnadani. Vikombe vilipangwa mezani, kila kimoja kikiwa na namba chini yake, na waonjaji hawakujua kahawa ni ya mkulima gani. Aikaeli alivuta funda kwa kijiko, akatema, akaandika alama. Baada ya hapo ndipo kikombe kilipogeuzwa, namba ikasomwa na mkulima akajulikana. Mwaka mmoja aliipa alama za chini kahawa ya baba yake mzazi, na alipogundua hakuzifuta. Mumewe, Ndesario, aliisimulia habari hiyo kila penye watu.

Mtoto wao, Anaeli, alikuwa na usonji. Alikuwa na miaka minne na hakuwa amesema neno hata moja. Kila Jumatano walimpeleka kwa mwalimu wa matamshi.

Siku moja Wilbroadi, kaka yake Aikaeli, aliingia na kopo la unga wa virutubisho.

"Shemeji, huu unafungua ulimi! Vijiko viwili kwenye uji, basi. Mtoto wa jirani yangu sasa anaimba kwaya."

"Kwaya gani?" Aikaeli aliuliza.

"Dada, nawe! Kwaya ni kwaya."

Kwa kipato chao, wangeweza kununua makopo au kumlipa mwalimu, si vyote viwili. Ndesario alikuwa ameshaamua. "Mama Anaeli, tuache mwalimu. Mwaka mzima wa Jumatano, tumepata nini?"

Aikaeli alilizungusha kopo mkononi. "Kaka, niachie bure unga wa kutosha wiki sita tu, na mwalimu tusimwache kwanza. Tutaupima kama tunavyopima kahawa. Ukishinda, nitakutangazia mwenyewe mpaka Arusha."

Daktari wa watoto alitazama kilichomo, akasema hakitamdhuru mtoto, ila hajui kama kitamsaidia. Kisha jirani yao, nesi Fausta, akaandaa pakiti za wiki kumi na mbili: wiki sita unga wa kopo, wiki sita unga mtupu wa ndizi, zote zikitiwa mdalasini ili zifanane. Mpangilio wa wiki aliupata kwa kuokota vikaratasi vya kura, akauandika, akaufunga ndani ya bahasha na kwenda nayo kwake.

Ndesario ndiye aliyepika, akalisha na kuandika daftarini. Aikaeli, aliyeonja vikombe mia kwa siku, hakulamba hata mwiko wa uji ule.

"Ulimi wangu utaujua," alisema. "Na nikijua, nitaona ninachotaka kuona."

Asubuhi moja, wiki ya saba, Anaeli alimshika baba yake kidole, akamvuta hadi bombani, akasema, "Maji."

Ndesario alilia palepale, ndoo ikifurika. "Bahasha ya nini tena? Kopo limeshajibu!"

"Zimebaki wiki tano," Aikaeli alisema. Naye alikuwa analia.

Siku ya mwisho walikaa sebuleni. Daftarini, Ndesario alikuwa amezungushia duara wiki sita ambazo aliapa kuwa ni za kopo. Nesi Fausta akafungua bahasha. Kati ya wiki hizo sita, nne zilikuwa za unga wa ndizi. Wiki ya saba ilikuwa mojawapo.

"Mlipunja vijiko!" Wilbroadi alilalamika.

Ndesario hakumsikia. Alihisi kama mtu amempokonya lile neno. "Kumbe haikuwa kitu," alisema.

"Baba Anaeli, kikombe umekigeuza, namba umeisoma vibaya," Aikaeli alimjibu, akitabasamu. "Kwa mtoto mmoja siwezi kusema habari za makopo yote ya dunia. Lakini wiki ile unga wa kopo haukuwemo kwenye uji. Neno lile hakupewa na kopo. Alilisema mwenyewe."

Ndesario alimtazama mwanawe, aliyekuwa sakafuni akipanga vijiko kwa urefu. Akanyanyuka, akamrudishia Wilbroadi kopo lake. Jumatano iliyofuata walikwenda kwa mwalimu wote watatu.

Miaka mitatu baadaye, kahawa ikianza kuiva, Aikaeli alifariki. Matanga yalipokwisha, mtu mwingine alifika na kopo jingine la unga. Ndesario alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Uliupima bila kujua ni upi?"

Mgeni hakuelewa swali.

Anaeli, ambaye sasa alikuwa na miaka saba, alileta glasi kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya mgeni. "Maji," alisema.

"Loo! Huyu alitumia kopo gani?" mgeni aliuliza.

"Hakuna," Ndesario alijibu, akikaa wima. "Hilo neno ni lake. Mama yake alilipima."

Funzo: Pima kwa haki kabla hujasifu, usije ukalishukuru kopo kwa jambo alilolifanya mtoto.