Kinu Kilichonyamaza Kilima cha Pimbi

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni basi. Mwenye mtoto ampakate, mwenye kunde za kuchambua achambue. Masikio yenu tu ndiyo ninayoyataka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanapika, wanyama wa Kilima cha Pimbi walikuwa na kinu kimoja. Kinu kimoja, mchi mmoja, ungo mmoja. Kilima kizima kilikula kwa kinu hicho. Ukitaka unga, unatwanga mtama wako utoke maganda, twi, twi, twi. Unaumimina kwenye ungo, unapepeta, che, che, che. Kisha unarudi kinuni, unatwanga tena mpaka uwe unga.

Na desturi yao ilikuwa hivi: mkubwa mbele, mdogo nyuma. Aliyekwenda kupepeta, akirudi anaanza tena mwisho wa mstari. Na mtama wa mtu haumwagwi chini, hata uwe konzi moja.

Siku moja alifika Digidigi, mama kijana, amembeba mwanawe Tunu ndani ya kikapu. Wote walimwita Mama Tunu. Mwaka ulikuwa wa ukame. Maziwa yake yalikuwa yamekauka tangu juzi. Mtama aliokuwa nao ni konzi moja, kaufunga kwenye jani. Huo ndio uji wa Tunu. Asipokunywa leo, mama yake alijua, kesho hatakuwa na nguvu hata ya kulia.

Alifika, akakuta kimya. Jii. Nyati kasimama kinuni, mchi kaushika, hatwangi. Nyuma yake mstari mrefu. Kanga anaruka huku na huku. "Babu, zamu yangu bado? Babu, zamu yangu bado?"

Tumbili alikigonga kinu, ko, ko, ko. Akatega sikio. "Kimelala hiki," alisema. "Tuondoke wote, tuzunguke kilima, turudi upya. Kitaamka chenyewe."

Wakaondoka wote. Nyati akauacha mtama wake mle mle kinuni. Wakazunguka kilima, wakarudi. Kila mmoja akasimama pale pale, akashika kile kile. Kimya. Jii.

"Basi tukipasue," alisema Tumbili. "Tuchonge kingine."

"Kuchonga kinu ni kazi ya mwezi," alisema Mama Tunu kwa sauti ndogo. "Kwanza tuulizane."

Kanga akamtazama toka kwato hadi masikio. "Utuulize wewe, mwenye konzi moja?"

"Kweli dada, ni konzi moja. Ndiyo maana nina haraka."

Akaenda kwa Nyati. "Shikamoo, babu. Umeshika nini, na unangoja nini?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeshika kinu. Nangoja ungo. Mtama wangu umeshatoka maganda, nitaumimina wapi?"

Akamgeukia Kanga. "Nawe dada, umeshika nini, unangoja nini?"

"Sijashika kitu. Nangoja zamu yangu."

"Na kila mara unamuuliza babu?"

"Nisipouliza nitajuaje?"

"Ameniuliza mara mia tangu asubuhi," alisema Nyati. "Kila nikitaka kufikiri ungo uko wapi, huyo, zamu yangu bado."

Mama Tunu akafuata mstari. Umeshika nini, unangoja nini. Umeshika nini, unangoja nini. Wote walingoja tu. Mpaka mwisho kabisa, nyuma ya jiwe, akamkuta bibi kizee Panya Buku. Ungo uko magotini. Ndani ya ungo kuna mtama mweupe, ameukinga upepo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi. Umeshika nini, na unangoja nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeshika ungo. Nimeshapepeta, nangoja kinu niutwange uwe unga. Nimesema, nimesema, sauti yangu haifiki huko mbele. Chini siwezi kuumwaga, na vyombo vya wenzangu vimejaa."

Mama Tunu akatazama mbele, akatazama nyuma. Nyati kashika kinu, anangoja ungo. Buku kashika ungo, anangoja kinu. Kinu hakikuwa kibovu. Wala hapakuwa na mbaya pale.

Chombo kilichobaki ni kikapu chake, na ndani yake amelala Tunu. Akamtoa mtoto, akamkumbatia kifuani. "Mimina humu, bibi."

"Na mtoto je?"

"Mtoto ana mama."

Ungo ukapita juu ya vichwa mpaka mbele. Nyati akamimina mtama wake, akapepeta, che, che, che. Kinu kikawa wazi. Kanga akaruka mbele. Nyati akaweka kwato juu ya kinu.

"Ngoja, binti. Bibi Buku, njoo ukae mahali pangu. Nami nangoja ungo, kumbe mimi ndiye niliyekuzuia."

Mchi ulikuwa mrefu kuliko Buku. Nyati akaumimina mtama wa Buku kinuni, wake akautia kikapuni, akamtwangia. Twi, twi, twi. Kilima kikasikia, kikashangilia.

Buku alipopata unga wake, alimtazama Mama Tunu aliyesimama na mtoto mikononi, hawezi kushika mchi. "Na wa huyu nani atautwanga?"

Kisha Kanga akanyoosha bawa, anatazama chini. "Lete hiyo konzi, dada. Nitakupepetea mimi."

Nyati akatwanga, Kanga akapepeta, Nyati akatwanga tena. Buku akaongeza kiganja cha unga wake. Tumbili, bila kutumwa, akaleta kuni.

Tunu alikunywa uji mpaka akasinzia, midomo myeupe. Mama yake akamnong'oneza: "Babu Nyati kakutwangia. Shangazi Kanga kakupepetea. Bibi Buku kakuongezea. Tumbili kakuletea kuni. Ukikua, uwasalimie kwanza wao."

Tangu siku hiyo, Kilima cha Pimbi, aliyeshika ungo hupishwa mbele, hata awe mdogo kama panya.

Basi sikilizeni, wakubwa kwa wadogo. Anayekuzuia huenda naye amezuiwa. Muulize kabla hujamlaumu. Na ukiwa na nafasi mpishe aliye nyuma, kwa maana akimaliza yeye ndipo nawe utaendelea.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekula na amshukuru aliyetwanga.