Wenye Kiwanda cha Sabuni

Palikuwa na tajiri wa sabuni, Bwana Mkwizu, aliyewaambia wafanyakazi wake kila asubuhi, "Kiwanda hiki ni chenu. Fanyeni kazi kama wenyewe."

Lakini mfanyakazi mmoja, Sikudhani, alipoomba ruhusa ya kwenda kumnyonyesha mwanawe saa nne, tajiri alimkatalia. Maziwa yakamlowesha kanga, na mtoto akalia nyumbani kwa bibi yake.

Mwenzake Nakijwa akamfuata tajiri. "Bosi, mnunuzi mkubwa akija kesho, nikimwambia sisi ndio wenye kiwanda, utakasirika?"

"Nikasirike kwa lipi? Mwambie, tena kwa sauti."

Kesho yake mnunuzi akaja, na Nakijwa akamwambia. Mnunuzi akafurahi. "Kumbe! Na maamuzi mnafanya?"

"Tunafanya, baba. Leo tumeamua mwenzetu huyu awe anakwenda kunyonyesha kila saa nne. Sivyo, bosi?"

Mnunuzi alikuwa ameshika kalamu, mkataba bado haujatiwa saini.

"Ndivyo," akasema Bwana Mkwizu.

Sikudhani akavua aproni, kisu chake cha kukatia sabuni kikiwa bado mkononi.

"Nenda taratibu, shoga," Nakijwa akamwambia. "Bosi atakukatia sabuni mpaka urudi. Na yeye ni mwenzetu."

Bwana Mkwizu akapokea kisu.