Uwanja Uliozikwa Mara Mbili

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Maana yake haihitaji mwalimu: mhunzi ambaye koleo lake limevunjika angali na moto, angali na nyundo, na zaidi ya yote angali na akili ya kujifulia koleo jingine. Lakini wapo watu, hasa wale ambao matumbo yao huingia mlangoni kabla ya miguu, ambao wakiona koleo limevunjika huja mbio kutaka kiwanda kizima. Hadithi hii ni ya timu ya mpira iitwayo Radi ya Mapendo, mjini Goma. Watu hao nao waisome.

Radi haikuzaliwa ofisini. Ilizaliwa mtaani Mapendo, mikononi mwa wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao zinazoubeba mji huu mgongoni, na wauza maharage waliotoka Butembo. Mwaka 2002, mlima Nyiragongo ulipotapika moto, uwanja wao wa kwanza ulifukiwa. Watu wakasema Radi imekufa. Radi ikahamia upande wa Buhene, ikasawazisha uwanja wa pili, ikatwaa kombe juu yake. Mwaka 2021 mlima ukatapika tena. Uwanja wa pili nao ukalala chini ya jiwe jeusi, milingoti ya goli ikaungua kama njiti za kiberiti. Tangu hapo Radi ikawa inacheza ugenini kila mechi, kama mtoto anayekula kwa majirani. Walioicheka wakati huo tunawajua kwa majina.

Kisha ligi yao ikatoa neno: timu itakayoshindwa kupokea wageni kwenye uwanja wake siku ya ufunguzi itapoteza nafasi, na nafasi hiyo itakwenda kwa timu inayofuata kwenye orodha ya wanaosubiri. Iliyofuata ilikuwa ya Landry, mwuza saruji aliyeanzisha timu juzijuzi. Bila kuchelewa Landry akamfuata sokoni Mama Masika, rais wa Radi, aliyekuwa akipepeta maharage.

"Mama Masika, pole sana. Lakini tuseme ukweli. Timu bila tereni, bila uwanja wake, ni jina tu. Munipe wachezaji, nitawavalisha vizuri. Tutakuwa na jina moja."

"Jina gani?"

"Ya kwangu, bila shaka."

Masika alicheka hadi ungo ukamtoka mkononi. "Papa Landry, ile jina yako, kuna mutu mumoja amesha kuiimba? Hata bibi yako, mama ya watoto yako, mu nyumba?"

Soko zima likaangua kicheko. Landry akakunja uso kama aliyelamba ndimu. "Mutakuja kunitafuta. Juu ya majiwe hawachezee mpira!"

Jumamosi iliyofuata kocha Kambere aliitisha salongo, kazi ya pamoja ambayo huku hakuna anayeikwepa bila kusemwa. Wachezaji walikuja Buhene, kwenye uwanja uliofukiwa, na nyundo na mitaimbo badala ya viatu vya mpira. Walivunja vichwa vya lava vilivyochomoza, wakasomba mchanga kwa chukudu, wakaumwaga na kuulaza ukawa laini kama unga. Haraka ikawaponza. Mtu aliyekulia Goma anajua kwamba lava ikipoa hupasuka kama mkate mkavu. Walijua, na kwa pupa ya kumwaibisha Landry wakajifanya hawajui. Mvua ya kwanza ilipopiga, nyufa zilifungua vinywa zikaumeza mchanga wote. Asubuhi uwanja ulikuwa mbavu tupu.

Modeste, nahodha wa timu, alitupa nyundo chini. "Kocha, huu mulima unakula jasho yetu. Tumuachie Landry, tupumzike."

Kambere hakumkemea. Aliinama juu ya ufa mmoja, akasema, "Ulikula tereni mbili, na bado haujashiba? Basi tuulishe majiwe yake yenyewe, mpaka useme: basi!"

Modeste akacheka bila kutaka, akainama kuiokota nyundo.

Safari hii hawakuficha nyufa, walizijaza. Mawe makubwa yalitangulia, yakafuatwa na madogo, kisha kokoto, na mchanga ukaja mwisho kabisa. Wanawake wa Mapendo walipanga foleni ya ndoo. Hata wakimbizi wa vita kutoka kambi za Kanyaruchinya walishuka kusaidia, watu waliopoteza vingi kuliko uwanja. Mmoja wao alipoulizwa anatafuta nini pale, alijibu, "Hapa angalau ninaona kitu kinasimama."

Siku ya ufunguzi mvua ilinyesha tangu alfajiri kana kwamba mbingu ina deni na Goma. Barabara zikawa mito. Landry alifika chini ya mwavuli mpana, jezi za timu yake zikiwa tayari garini. Mwamuzi, Bénédicte, mwanamke asiye na maneno mengi, aliingia uwanjani na mpira mkononi. Masika alishika kitenge chake kwa mikono yote miwili.

Maji hayakuwepo. Yalikuwa yameshuka kati ya mawe, chini kabisa, na mchanga umebaki juu, mgumu na mweusi. Bénédicte aliuachia mpira. Ukadunda. Akaujaribu pembeni, ukadunda tena.

"Tunacheza," alisema.

"Madame, umeangalia vizuri?" Landry akadakia, akimfuata nyuma.

"Papa, toka mu tereni. Umesimama kwenye alama ya penalti."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliushinda mvumo wa mvua. Landry akarudi garini, na filimbi ikalia. Wageni kutoka Bukavu walicheza vizuri, tusiwanyime haki yao; lakini kipindi cha pili Modeste aliruka juu ya mabeki wawili akapiga kichwa, wavu ukatikisika. Alipoanguka, goti lilichunika, damu ikachanganyika na mchanga mweusi. Daktari wa timu akaja na maji ya kumsafisha.

"Acha kwanza," Modeste akamwambia. "Huu mchanga niliubeba mimi."

Uwanja wa Radi ulizikwa mara mbili. Radi yenyewe haikuzikwa hata mara moja. Anayengoja kuirithi na aendelee kungoja, kwa maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.